Naomba ushauri: kuunganisha na kufunga uso wa benchi la useremala la mninga

Mafundi na wapenzi wa useremala, habari za kazi.

Ninajenga benchi la useremala kwa ajili ya karakana yangu ya nyumbani hapa Tanga, la kupigia randa na kuchongea viungo kwa zana za mkono. Miguu na fremu nimekwisha kuiunganisha kwa mkongo, kwa viungo vya ulimi na tundu, nayo haiyumbi hata kidogo.

Uso nimeamua uwe wa mninga, kwa sababu ukishakauka hausinyai wala kupinda sana, na unarandika vizuri kuliko mkongo. Utakuwa na urefu wa futi 6, upana wa inchi 24 na unene wa inchi 3, yaani mbao za inchi 2 zitapasuliwa vipande, zisimamishwe ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa gundi. Mbao hizo nilizinunua zikiwa bado na unyevu. Nimezipanga kivulini, nikaweka vijiti kati yake ili hewa ipite, na kila wiki ninapima uzito wa kipande kimoja, ambao bado unapungua.

Naombeni mnisaidie katika mambo mawili. Je, uzito ukitulia, hiyo ni dalili ya kutosha ya kuanza kupaka gundi katika hali hii ya hewa ya pwani, au ni lazima nitafute kipimo cha unyevu? Pili, uso mpana namna hii niufungeje kwenye fremu ili utanuke na kusinyaa kwa upana bila kupasuka: kwa skrubu zilizopita katika matundu marefu, au kwa vigingi vya mbao?

Natanguliza shukrani.