Tayma ya kusoma kaunta za GPU inanimalizia betri ya sola, naombeni ushauri

Mwana_Ukerewe
Wakuu, habari za jioni. Nina kikompyuta chenye chipu ya Intel hapa Nansio, kinachambua picha za kamera iliyo juu ya vichanja vya dagaa. Umeme ni wa sola na betri moja. Nataka kujua kila picha inaitumikisha GPU (sehemu ya chipu inayochakata picha) kiasi gani, nijue betri itabeba picha ngapi. Nikaongeza kipande kwenye draiva (programu inayoiendesha GPU): tayma inasoma rejista ya kaunta, yaani sehemu ndani ya GPU inayohesabu kazi yake, kila milisekunde 1. Namba zinakuja safi, ila saa tisa usiku betri imekwisha. Nikaweka sekunde 10, betri ikafika asubuhi, lakini namba hazieleweki kabisa. Wiki ya pili hii nimekwama.

fundi_Igoma
Mkuu, kama kaunta ni ya biti 32 na inahesabu mapigo ya GHz 1, inajaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.3 hivi. Kwa sekunde 10 imeshazunguka mara mbili bila wewe kujua. Soma kila sekunde 1, toa ya zamani kwenye mpya kwa biti 32 zisizo na alama ya hasi (hata ikizunguka mara moja jibu linabaki sahihi), tofauti uijumlishe kwenye hesabu ya biti 64.

Mwana_Ukerewe
Ni ya biti 32, ndiyo. Na betri itapona?

Sangara_Nyegezi
Nusu tu. Rejista haisomeki chipu ya GPU ikiwa imelala kuokoa umeme, kwa hiyo tayma yako inaiamsha usiku kucha bure. Angalia i915 yenyewe, draiva ya GPU za Intel kwenye Linux: tayma yake huchukua sampuli mara 200 kwa sekunde, lakini chipu ikikosa kazi inasimamishwa, kazi ikirudi inawashwa. Ndani ya tayma usiiamshe chipu. Uliza kama iko macho. Kama imelala, toka. Na usisubiri kufuli lolote humo (zamu ya kutumia kitu kinachoshikwa na kazi nyingine), maana uko ndani ya interapti, yaani umeikatiza kazi ya prosesa, na mashine inaweza kuganda. Yalinikuta, nikapoteza kazi ya siku nzima.

dada_CapriPoint
Mdogo wangu, umesema unataka hesabu ya kila picha. Tayma ya nini basi? Soma kaunta picha inapoanza, soma tena inapoisha. Muda huo chipu iko macho tayari, huiamshi kwa ajili ya kusoma. Picha moja inachukua muda gani?

Mwana_Ukerewe
Kama sekunde 2, dada.

dada_CapriPoint
Basi hata kaunta ikizunguka katikati, ile kutoa ya fundi_Igoma inatosha. Ing'oe tayma leo kabla jua halijazama.