Grupu la wateja wangu wa vifaranga lina watu 340 ila limekufa, nifanyeje?

Mfugaji_Moro:
Habari za jioni wakuu. Nauza vifaranga na chakula cha kuku hapa Moro, mwaka jana nikafungua grupu la WhatsApp, kila anayenunua namuunga, sasa tuko 340 na kitu. Shida ni kwamba nikituma bei wanasoma wote na hajibu mtu, asubuhi kuna mzee mmoja anatuma maua na "Jumatatu njema", jioni kuna dogo anatupia mikeka yake ya kubeti, juzi wameleft watu 11 kwa mpigo. Mimi nilitaka wawe wanasaidiana, mtu akipata shida bandani aseme wenzake wamjibu. Nihamie Telegram au nifunge aandike admini tu?

MamaTetea:
Pole kaka. Usihame, WhatsApp inabeba watu 1,024 kwa grupu moja, wewe hata nusu hujafika. Hao uliwaunga bila kuwauliza, mtu kanunua vifaranga 20 awachinje Krismasi basi, leo bado unamtumia bei ya pumba. Langu lilikuwa hivyohivyo, nikafungua lingine nikatupia linki nikasema anayetaka aingie mwenyewe. Walikuja 46, na hao ndo wanaongea mpaka leo.

Kitu kilicholiamsha ni tarehe. Kila anayeingiza vifaranga anaandika siku aliyowapokea, ikifika siku ya 7 namtag chanjo ya kideri, ya 14 gumboro (ratiba zinatofautiana jamani, muulize daktari wa mifugo wa kwenu), baada ya mwezi wakawa wanakumbushana wenyewe. Kuna dada aliuliza saa tano usiku, kesho alfajiri anachanja na ana maji ya bomba tu. Mmoja akamwambia klorini ya bomba inaua chanjo, korogea kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, mwingine akasema wanyime maji saa moja au mawili kabla ili wakiwekewa wayagombanie, yaishe ndani ya saa mbili. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, naamka nakuta meseji 60 na hakuna hata moja ya kwangu 😂

jogoo_la_shamba:
Ukifunga admini tu aandike umeshatengeneza ubao wa matangazo, sasa nani atamsaidia nani? Dogo wa mikeka muonye mara moja, akirudia mtoe. Ila huyo mzee wa maua usimguse!! Ndo mtu pekee anayefungua grupu lako kila siku. Mfuate inbox, mwombe awe anakaribisha wageni, awaulize wanafuga kuku gani na wako wapi.

Kuku100:
Naongezea moja inauma kidogo. Niliwahi kuwa kwenye grupu la muuzaji fulani, simtaji, nikachukua vifaranga 100 wakafa 37 ndani ya siku tatu, nikatuma picha kuuliza kama kuna mwingine yamemkuta, admini akafuta ile picha na mimi mwenyewe akanitoa. Kumbe tulikuwa wengi, tukatafutana huko pembeni tukafungua letu, sasa hivi tunaagiza kwa pamoja kutoka kwingine na bei tumepunguziwa. Yule jamaa alitujengea jamii nzuri sana bila kujua. Mteja akilalamika mjibu palepale mbele ya watu, hata kama kosa ni la bruda yake (pale anapowatunzia vifaranga joto), taa ilizima usiku au nini, muulizeni wote mjue.

Mfugaji_Moro:
Nashukuruni sana wakuu, linki mpya naiandaa leo usiku. Mzee nimeshamtext, kajibu kwa voisi ya dakika nne, kumbe anafuga bata mzinga na hakuna aliyewahi kumuuliza.

@Kuku100 hapo kwenye kufuta umenishika pabaya, mwezi wa pili nilifuta malalamiko ya mama mmoja wa Mzumbe, na yeye ni kati ya wale 11. Namba yake ninayo, ngoja nimpigie sahivi kabla hajafungua la kwake.