Mrejesho: ile ishu ya kuandika daftari huku natumia dawa za sonona

Wakuu habari za siku, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi wa tatu kama kuandika yaliyo moyoni kunamsaidia mtu anayetibiwa sonona, aisee asanteni sana mlionijibu. Nilifuata ya yule dada aliyesema nifanye kama ule utafiti wa Pennebaker, mwanasaikolojia wa kule Marekani, wa 1986, dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo, bila kujali herufi wala nukta. Siku mbili za kwanza nililia mpaka nikataka kuacha, usingizi ukakata kabisa, nikamwambia daktari akasema niandike jioni mapema sio kitandani, na dawa niendelee nazo vilevile. Hapo ndo pakatulia.

Ule ushauri wenu mwingine wa kumsomea mke wangu ninayoandika umebuma, alidhani namlaumu tukanuniana wiki nzima, siku hizi nikimaliza nachana karatasi. Sonona haijaisha jamani, asubuhi bado nzito, ila mawazo ya kuzunguka palepale kuhusu msiba wa baba yamepungua na kliniki sasa naongea, zamani nilikuwa nakodoa macho tu. Na wewe uliyeniambia niache dawa niandike tu, hapana mkuu, hiyo sikuifuata.