Chaza wakubwa kwenye tangi la nyumbani: derasa, maxima au crocea?

Nyali_300 (Mombasa)
Habari za jioni wenzangu. Tangi langu ni lita 300, kina sentimita 55, na sasa lina miezi tisa. Matumbawe laini yamestawi. Samaki ni watano, mmoja kitatange mdogo. Muuzaji wangu anaagiza chaza wa kufugwa na amenipa nichague aina moja kati ya tatu: derasa wa sentimita 9, maxima wa bluu wa sentimita 6 au crocea wa sentimita 5. Nina nafasi ya mmoja tu. Moyo wangu uko kwa maxima, sifichi, ile bluu yake haina mfano. Taa ni LED mbili, sijawahi kuzipima. Mngekuwa nyinyi mngechukua yupi?

BiZuhura (Muscat)
Mwanangu, chukua derasa. Nimewafuga wote watatu kwa nyakati tofauti, na maxima wawili walinifia kabla sijaelewa kosa langu. Chakula kikuu cha chaza hawa ni mwanga. Ile nyama ya rangi inayochanua nje ya gamba, sisi tunaiita joho, imejaa vimwani vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyompikia. Maxima na crocea kwao ni maji mafupi, jua linapiga moja kwa moja. Derasa anaridhika na PAR, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga, ya 150 hadi 200. Maxima mimi simweki chini ya 250, na crocea nampandisha juu zaidi. Kwa kina cha sentimita 55 na taa ambazo hujapima, hapo unabahatisha. Azima kipimo kwanza.

Na tazama ukubwa wake siku ya kumnunua. Aliye chini ya sentimita 5 huchoka upesi na safari, hana akiba. Huyo wa 9 tayari ana mwili.

FundiTangi (Dar)
Shikamoo Bi Zuhura. Kwa heshima, nakupinga kidogo. Derasa hufika nusu mita. Kwenye lita 300, baada ya miaka michache ndugu yetu atakuwa anatafuta wa kumpa. Crocea huishia kama sentimita 15, maxima kama 30. Pia derasa akikua hunywa kalsiamu na alkalini kuliko matumbawe yote ya tangi hilo kwa pamoja. Wangu alishusha alkalini kutoka 9 hadi 7 dKH (ndicho kipimo chake) ndani ya siku nne nilipokuwa safarini. Anayemchukua derasa ajipange kupima kila wiki: kalsiamu 400 hadi 450, alkalini 8 hadi 10, magnesi karibu 1300.

Nyali, kwetu pwani nina hofu zaidi na joto. Maji yako mchana yanafika ngapi?

Nyali_300
Marahaba ya Bi Zuhura nimwachie mwenyewe. Mchana 29, Februari yaligusa 31. Na umeme ukikatika hukaa saa tatu, nne bila kurudi.

FundiTangi (Dar)
31 ni hatari. Vimwani hutoka, joho linakuwa jeupe kama karatasi. Funga feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha digrii mbili tatu. Ila feni inakausha maji, na chumvi haikauki nayo, kwa hiyo rudishia maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, usirudishie ya bahari. Mimi nusura niue tangi zima kwa kosa hilo. Kwa umeme, tafuta pampu ya hewa ya betri. Giza la saa nne chaza analivumilia, kukosa hewa hapana.

Kassim_Leicester
Hakuna aliyetaja konokono! Chaza wangu wa kwanza alikuwa akijikunja kidogo kila siku na vipimo vyote vilikuwa safi. Usiku wa saa sita nikamulika tochi: ukingoni mwa gamba kulikuwa na konokono weupe kumi na mmoja, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, wamemchomeka mirija wakimnyonya. Mchana hujificha chini. Nilimtoa, nikamsugua gamba kwa mswaki, na kila usiku kwa wiki tatu nikarudia kukagua. Alipona. Tangu hapo kila chaza mpya anakaa tangi la pembeni kwanza.

Jingine: akishajishika kwenye jiwe kwa nyuzi zake, usimvute abadani. Ukizing'oa nyuzi unamchana mguu. Kata kwa wembe karibu na jiwe. Derasa wa mchangani mwekee kipande cha jiwe bapa chini, ajishike hapo, siku ya kumhamisha unambeba na jiwe lake.

Msambweni_B
Swali la mgeni: maxima si wako hapa hapa kwenye miamba yetu? Kwa nini alipie wa kuagizwa?

BiZuhura (Muscat)
Wako, maxima na aina nyingine iitwayo squamosa, na nakuomba uwaache huko. Hukua polepole, na wanaozaa ni wale wakubwa ambao wavuvi wamekwisha kuwapunguza. Kumng'oa mwambani mara nyingi ni kumuua. Tangu 1985 chaza wakubwa wote wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hawavuki mpaka bila kibali. Palau, visiwa vya Pasifiki, wanazalisha derasa kwa miongo kadhaa sasa. Nyali, mwombe muuzaji karatasi zake, asipokuwa nazo usinunue.

Marahaba, FundiTangi. Na kitatange huyo mhamishe. Akianza kudonoa joho, chaza hafunguki tena, na asiyefunguka hali.

Nyali_300
Wiki tano baadaye. Kipimo kilisoma 170 mchangani na 280 juu ya jiwe la kati. Maxima angekaa hapo juu, lakini 280 inapita ile 250 ya Bi Zuhura kidogo tu, na joto la Februari linarudi. Nimechukua derasa, na karatasi zake nimezisoma. FundiTangi, ulilosema nimelisikia: binamu yangu ana tangi la lita 900 na amekubali kumpokea akinizidi. Kitatange amekwenda kwake tayari.

Siku mbili za kwanza alifunguka nusu tu. Sasa nikipitisha mkono juu ya tangi anajifunga papo hapo, halafu anafunguka tena taratibu. Na leo asubuhi nimeona ukingoni mwa gamba mstari mpya mweupe, mwembamba kama uzi, pande zote mbili.