Tuta la mto Nzoia linavuja kando ya kalvati (bomba la maji linalopita chini ya tuta)

Wadau, hapa Budalang'i, magharibi mwa Kenya, maji yanabubujika upande wa mashamba. Tumeongeza udongo juu, bado. Tufanyeje?

— Udongo wa juu hausaidii, maji yanapita chini. Tazameni rangi: yakiwa na tope, yanakokota udongo wa ndani. Pale yanapobubujika zungusheni mifuko ya mchanga, muinue ukuta huo mpaka yatoke maangavu. Msizibe kabisa, yatatokea kwingine.

— Kiangazi fukueni pembeni mwa kalvati, mrudishe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe. Mkavu haushikani, hubaki na mianya. Mchanga wa mtoni msijazie kabisa!

— Na kile kifuniko cha kalvati upande wa mto, kinachojifunga mto ukijaa? Kijiti kimoja kikikwama hakifungi, mto unaingia shambani. Kisafisheni kabla ya masika.