Kipindi cha dini kikifika, kwa nini darasa ligawanyike?

Mwenye mada (mzazi, Kisumu)

Wazazi wenzangu na walimu, hodi. Nina hoja hapa, nipingeni kwa hoja.

Katika shule nyingi za huku kwetu, kengele ya kipindi cha dini ikilia darasa linagawanyika. Wa CRE (elimu ya dini ya Kikristo) wanabaki na mwalimu wao. Wa IRE (ya Kiislamu) wanamfuata ustadh, na pasipo ustadh wanakaa maktabani au chini ya mti mpaka wenzao wamalize. HRE (ya Kihindu) imo kwenye mtaala, lakini shule zinazoifundisha ni za kuhesabu. Mtoto ambaye kwao hakuna dini anaandikishwa CRE, kwa kuwa ndiko wengi waliko.

Pendekezo langu: kipindi kimoja kwa wiki, Gredi ya 9, wote wakae pamoja. Swali liwe moja, binadamu anaishi kwa ajili ya nini, na kila jibu litolewe na mwenye nalo. Vipindi vingine vya dini vibaki vilivyo.

Asiniambie mtu kwamba huku ni kwa Wakristo tu, basi hakuna cha kujadili. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikaja na mafundi Wasikh, Wahindu na Waislamu. Mwaka uliofuata Kanisa la Marafiki (Wakweka) likaanza Kaimosi, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Johana Owalo alipita kwa Wakatoliki na kwa Waislamu kabla ya kuanzisha kanisa la Nomiya, ambalo wanaume wake hutahiriwa ilhali Wajaluo kwa desturi hawatahiri. Kanisa la Legio Maria lilichipuka kutoka Ukatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huko Bungoma, Elijah Masinde, aliyewahi kuvuma kama mchezaji kandanda, aliwaita Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wa mababu zao, na mwaka 1948 mkoloni akaipiga marufuku dini yake, Dini ya Msambwa. Hawa wote walikuwa wakibishana juu ya swali hilihili. Vijukuu wao wanajua majina ya makanisa, ubishi wenyewe hawaujui.

Chukua Wasikh. Mtoto wa Kisumu anajua kwamba ukienda gurdwara, hekalu lao, hukosi chakula. Kwa nini hukosi, hajui. Guru Nanak alifundisha kumkumbuka Mungu, kula kwa jasho la halali, na kugawana ulichopata. Langar, mlo wa pamoja wa gurdwara, ndiyo huko kugawana: wote wanaketi sakafuni kwa safu, mwenye kiwanda na mbeba mizigo, wala hakuna anayeulizwa dini yake. Kwao huhitaji kuikimbia dunia ili uwe mtu wa Mungu, maana karakana na jiko ni mahali pake pia. Jibu hilo lingemfaa fundi wa jua kali hata kama hana nia ya kufunga kilemba. Wahindu nao, ambao wengi huwadhania ni watu wa kuikana dunia, wanahesabu mali na starehe kati ya malengo manne halali ya mwanadamu, mradi vikae chini ya wajibu na visimsahaulishe ukombozi wa mwisho. Nimeishi karibu na hekalu miaka mingi, na hili nimelijua ukubwani, tena kwa kulisoma mwenyewe.

Mama wa Kondele

Umeandika vizuri, lakini mimi nakataa. Kwenye katekisimu tuliulizwa Mungu ametuumba kwa nini. Jibu tulilikariri: tumjue, tumpende, tumtumikie, kisha tufike kwake mbinguni. Nililisema kama kasuku. Maana yake niliipata baadaye, nilipobaki mjane na watoto wadogo, nikajikuta nalirudia usiku. Kama ningekuwa nimepewa majibu saba nikiwa msichana, siku hiyo ningeshika lipi? Mtoto apewe nguzo moja kwanza. Akikomaa atazunguka mwenyewe.

Na tuambiane ukweli. Mwalimu naye ana dini yake. Ya kwake ataifundisha nusu saa, za wenzake atazimaliza kwa dakika tano.

Ustadh, Kaloleni

Assalaam alaykum. Mama, hilo lako la mwisho linanitia wasiwasi hata mimi, ndiyo maana naunga mkono sharti la mwenye mada kwamba asemaye awe mwenyewe. Wanafunzi Wakristo wakiniuliza Uislamu unasemaje, nawajibu kwa aya ya 56 ya Suratu Dhariyat: Mwenyezi Mungu hakuwaumba majini na watu ila wamwabudu. Wanacheka kidogo, wanadhani tumeumbwa kuinama na kuinuka. Inabidi niendelee. Mtu wa boda anayetoka alfajiri kuwatafutia wanawe, kwa nia safi na njia ya halali, yumo ibadani akiwa juu ya pikipiki. Suratul Mulk nayo inasema mauti na uhai vimeumbwa ili tujaribiwe ni nani mwenye matendo mema zaidi. Haikusema mwenye matendo mengi zaidi. Hapo darasa hunyamaza, kwa sababu shuleni kila kitu wanapimwa kwa wingi.

Lakini sitaki kipindi cha kuwapitisha watoto kama wanunuzi pale soko la Kibuye, waiguse hii, waibonyeze ile, waondoke na ya bei nafuu. Dini ina madai juu ya mtu. Mwanafunzi aambiwe wazi kwamba sisi wenye majibu haya hatukubaliani, na kwamba hatuwezi kuwa sahihi sote kwa kila jambo.

Asiye na dini, Nakuru

Sisi je, tumo? Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini. Katiba, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri. Hata hivyo chama cha wasioamini Mungu kiliposajiliwa mwaka 2016 kilisimamishwa mwaka huohuo, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia kati.

Jibu langu ni fupi. Hakuna aliyeniandikia kazi ya kufanya duniani kabla sijazaliwa. Mgiriki Epikuro alisema kifo hakituhusu, kwani tukiwapo hakipo, na kikiwapo hatupo. Kwa kuwa sitarudi, saa moja niliyokaa na mama yangu ina thamani yake yenyewe, haisubiri malipo ya kesho. Watu hudhani tunaishi kwa kukata tamaa au kwa ulevi. Mimi hata bia sinywi.

Kijana wa boda, Mamboleo

Na ukifa utazikwa na nani, pasta au katiba?

Asiye na dini, Nakuru

Majirani. Kwani wewe unazikwa na nani?

Mzee wa Seme

Mnaongea kana kwamba swali hili lilikuja na meli. Wenye umri wanakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike karibu na Ngong. Alisema marehemu alikuwa mtu wa kisasa na Mkristo, maisha yake aliyajenga pamoja na mke na watoto. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Wajaluo, ukasema mtu hajimiliki, ametoka kwa watu na kwa watu atarudishwa. Mwili ulikaa chumba cha maiti miezi mitano. Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Wengi huikumbuka kama vita vya Mjaluo na Mkikuyu, au vya mjane na mashemeji. Mimi naona majaji waliulizwa mtu huishi kwa ajili ya nani, nao wakajibu walichoweza kujibu, yaani nani ana haki ya kuzika.

Jibu letu ni hili. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, tulikuwa tunataja majina ya waliotangulia hadi anyamaze, na lile lililomnyamazisha ndilo lake. Anaanza maisha akiwa amebeba mtu. Atazaa, naye atabebwa. Akifa bado yumo katika hesabu ya boma, maadamu kuna anayemtaja. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na msomi kutoka Ukambani, aliliweka kwa ufupi: nipo kwa sababu tupo. CRE ya Kidato cha Kwanza ililigusa hili chini ya urithi wa Kiafrika, ikalisomesha kama habari za watu waliokwisha. Sisi bado tupo, na Jumamosi tuna matanga mawili.

Dada wa Vihiga

Mzee, kwa heshima. Kwa hesabu hiyo, mwanamke asiyezaa aliishi kwa ajili ya nini?

Mzee wa Seme

Binti yangu, swali zito. Alipewa wa kulea, jina lake likaitwa kupitia hao. Lakini najua hilo halikumtosha kila mmoja, na nyumba nyingine zilimwumiza.

Dada wa Vihiga

Asante kwa kutozunguka. Shangazi yangu ni mmoja wao, ndiyo maana kanisa la Marafiki lilimkaa moyoni. Wanafundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Hawakusema ya kila mama, wala ya kila mwenye boma. Wenzetu wa Uingereza hukaa kimya wakiisubiri, sisi tunaimba mpaka mabati yatikisike, lakini fundisho ni lilelile. Sasa niambieni: shangazi angelisikia wapi kama shule na ukoo vyote vingempa jibu moja? Kwa hilo nasimama na mwenye mada, ingawa namwelewa mama wa Kondele.

Mwalimu wa CRE, Kakamega

Niwashushe chini kidogo. Mitihani. Kitakachokosa kupimwa kitaliwa na Hisabati kabla muhula haujaisha, hayo nimeyaona. Pili, tangu Januari 2026 tuna Gredi ya 10, na huko somo la dini ni la hiari. Anayechagua njia ya sayansi anaweza kuachana nalo kabisa. Kwa hiyo Gredi ya 9 ndiyo nafasi ya mwisho ya kuwapata wote, mwenye mada umelenga vizuri. Tatu, mkitaka kuona jambo la namna hii, nendeni Matunda Soy kwenye hekalu la Wabahai lililofunguliwa 2021. Humo ndani yanasomwa maandiko ya dini mbalimbali na hakuna mahubiri. Niliwapeleka wanafunzi. Mmoja aliniuliza kwa nini hakuna anayewaambia la kufanya. Sikuona kama amechanganyikiwa. Nilimwona kama mtu aliyeamka.

Mwenye mada

Mama, nikurudie wewe. Nguzo moja kwanza, sawa, nyumbani. Lakini mwaka 2023 tuliona msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa ikifukuliwa. Wale walikuwa na nguzo moja, na hawakuruhusiwa kuiuliza chochote.

Mama wa Kondele

Usinifananishe na Shakahola. Wale walikosa mchungaji mwema, hawakukosa kipindi cha kulinganisha dini. Mimi wanangu wananiuliza kila siku, na nawajibu. Nikuulize nawe: mtoto wangu akirudi siku moja aseme jibu la ustadh limemwingia zaidi kuliko langu, wewe utakuwa wapi?

Mwenye mada

Nitakuwa nyumbani kwangu nikihofia wa kwangu vilevile. Lakini Mama, huyo mtoto tayari ana simu. Hayo majibu atayapata, pengine kwa mtu mbaya zaidi ya ustadh.

Ustadh, Kaloleni

Nashukuru kwa hiyo sifa! Mama, na mimi nina binti Gredi ya 8. Mwakani atakaa darasani amsikilize yule ndugu wa Nakuru. Usingizi wangu nao utapungua. Naomba tu mwalimu wa Kakamega aseme ni nani atawaalika hao wageni na nani atawalipa nauli, kwa maana shule yetu hata chaki tunachangiana.