Mrejesho: Flaiwili ya mashine ya boti imetoka salama

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na shafti ya mashine) iliyoganda kwenye mashine ya zamani ya boti ya marehemu baba, tunayoitumia kuvulia Bwawa la Mtera, kwa sababu nilishindwa kuifikia platini (swichi ndogo ya cheche za plagi) iliyo chini yake. Imetoka juzi, nzima kabisa.

Kosa langu lilikuwa kutumia pula ya kucha (kifaa cha kung'olea) inayovuta ukingo, ambayo mlinionya kwamba ingeweza kuipinda flaiwili. Fundi wa hapa Dodoma mjini alinitengenezea bamba nene lenye matundu ya boliti tatu zinazoingia kwenye nyuzi za flaiwili zilizo karibu na kitovu chake, na katikati boliti kubwa ya kusukuma shafti. Nati inayoishika flaiwili tuliirudisha hadi ikalingana na ncha ya shafti, ili nyuzi za shafti zisiharibike, kisha tukaweka mafuta ya kulegeza kutu na kuacha hadi asubuhi. Tulipokaza na kugonga kichwa cha boliti ya kati mara moja tu, ikaachia kwa mlio mkali ulionishtua sana. Moto hatukuuhitaji, nami nilifarijika, maana joto kali hudhoofisha sumaku zilizo ndani ya flaiwili.

Sehemu ya shafti iliyochongoka nimeifuta ikauke bila grisi yoyote, na kesho nitasafisha platini.